Madoa Sugu ya Mashine za Kufulia, Pasi na Mabeseni

Na Katibu wa Chama

Ndugu wanachama, msimu ukishakwisha, majamvi yakishakunjwa na magunia ya mwisho yakishapimwa, ndipo fedha ya karafuu inapoingia nyumbani na kila mtu akaitafutia kazi. Zamani kazi hiyo ilikuwa baiskeli, cherehani au mabati. Siku hizi, na hasa tangu Serikali ilipoipandisha bei ya mkulima mwaka 2011, wengi wetu wamenunua mashine ya kufulia nguo. Barazani wako wazee wanaosema kuwa hiyo ni anasa, na kwamba mama zao walifua kwa mikono na nguo zikatakata. Siwakatalii kwamba zilitakata. Lakini lipo jambo ambalo wazee hao hawalitaji, nami nitalitaja hapa mwanzo kabisa, kwa sababu bila ya hilo haya yote yataonekana kuwa maneno ya jikoni yasiyohusu gazeti la wakulima.

Kisiwa chetu ni nchi ya vijito na mabonde ya mpunga, na katika maji hayo mna konokono wadogo wanaochukua mdudu wa kichocho. Mdudu huyo hatafuti kunywewa. Hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, na mtu anayesimama majini muda mrefu kuliko wote ni mwanamke anayefua, pamoja na watoto waliomfuata. Kwa miaka mingi vidonge vya kichocho vimegawiwa katika maskuli na vijijini, na hali imekuwa bora sana kuliko ile tuliyokuwa nayo tulipokuwa watoto. Hata hivyo kidonge hakimzuii mtu kuambukizwa tena wiki ijayo akirudi kijitoni. Kwa hiyo mashine inayofanya kazi ni kinga. Na mashine iliyojaa ukoko na ukungu, inayotia nguo madoa badala ya kuyatoa, huwekwa pembeni ikafunikwa kitambaa, na ndoo ikabebwa tena kwenda kijitoni.

Hiyo ndiyo sababu ya makala hii. Mengi yaliyomo niliyapata nilipokuwa Mwanza, katika mtaa wa Igogo, nilipokwenda kuwatazama jamaa zangu waliohamia huko, nikakaa kwao wiki tatu.

Kwa wasiopajua, Igogo ni kata moja ya wilaya ya Nyamagana, upande wa kusini wa mji, karibu na ziwa. Nyumba zimepanda mlimani katikati ya majabali makubwa, nyengine zimeegemezwa juu ya jiwe kana kwamba jiwe ndilo ukuta wa nne. Mtu aliyezoea viunga vyetu vya mikarafuu huona ajabu. Maji yao yote ni ya ziwa, ya bomba kwa aliyefikiwa na bomba, na ya madumu kwa asiyefikiwa. Wako pia wanaofua ufukweni, nao wana kichocho chao, kile cha tumbo, ambacho wataalamu wa taasisi ya utafiti wa magonjwa iliyoko Mwanza wamekichunguza kwa miaka mingi. Jamaa zangu walinifundisha jambo moja ambalo nimelileta nyumbani: maji ya ziwa yakitekwa na kuwekwa kwenye pipa safi lenye kifuniko, lisilo na konokono, kwa siku mbili, wadudu hao hufa kwa kukosa mwili wa kuingia. Basi hata asiye na mashine aweza kujikinga kwa pipa na subira.

Sasa nije kwenye madoa.

Jambo la kwanza lililonishangaza Igogo ni sabuni. Kipande cha sabuni ya mche ambacho kwetu kingekwisha kwa beseni mbili za nguo, kwao kilifua siku nzima, na povu lake lilikuwa jingi kama la maziwa yanayokamuliwa. Nilidhani sabuni yao ni bora kuliko yetu. La, sabuni ni ileile. Maji ndiyo mengine. Ziwa Victoria hupata sehemu kubwa ya maji yake, kiasi cha asilimia 80, kutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na majabali ya Mwanza ni ya matale magumu, yasiyo na chokaa ya kutosha kuyachafua maji hayo. Kwa hiyo maji ya ziwa ni laini, karibu sawa na ya mvua. Kwetu ni kinyume. Visima vingi vya visiwani, hasa upande wa mashariki, vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Mvua ikipita ardhini huchukua hewa ya ukaa, ikawa kama asidi dhaifu, ikaila ile chokaa na kuibeba hadi kisimani. Maji huonekana meupe kama kioo, kumbe yamebeba jiwe.

Jiwe hilo humfanyia mwenye mashine maovu mawili. La kwanza, hushikamana na sabuni ya mche likafanya utandu wa kijivu usioyeyuka, kama maziwa yaliyoganda, ambao hukaa kwenye kuta za mashine, kwenye beseni, na kwenye kola ya kanzu. La pili, maji yakitiwa moto, ile chokaa hurudi kuwa jiwe tena, ikaganda palepale penye moto. Kila mwenye birika anaujua ukoko mweupe ulio chini yake. Ukoko huohuo huota kwenye koili ya kuchemshia maji iliyomo ndani ya mashine, isipokuwa hapo hauonekani. Koili iliyovaa koti la jiwe hula umeme mwingi zaidi, huchelewa kupasha maji, na mwisho wake huungua.

Anayetaka kujua maji yake ni ya namna gani asihangaike kuyapeleka maabara. Atwae chupa mbili zilizo sawa, moja aitie maji ya kisima chake hadi nusu, na ya pili maji ya mvua hadi nusu. Akwangue sabuni ya mche kidogo, kiasi kilekile kila chupa, azitikise zote mpaka ahesabu 20, kisha aziweke chini. Ya mvua itasimama na povu. Ya kisima, ikiwa ni maji magumu, itakuwa na povu haba na maji yake yatapiga weupe kama tui jepesi. Tui hilo ndilo doa la mashine yako ya mwakani.

Binamu yangu mmoja alikaa Igogo na mumewe miaka minne, wakiwa na mashine ya kufungukia mbele. Kwa muda wote huo haikuwa na doa ila vumbi. Walipohamia Pemba, upande wa Micheweni, wakaja nayo. Haukupita mwaka ila pipa la ndani lilikwaruza kama limepakwa mchanga, nguo nyeupe zikatoka zina mabaka ya kijivu, na maji hayakupata moto. Fundi mmoja akaitazama, akatikisa kichwa, akasema imekufa, na papo hapo akataka kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Binamu yangu, ambaye si mtu wa kuharakishwa, akamwambia, "Ahsante, fundi. Maiti yangu nitaizika mwenyewe." Kisha akanipigia simu.

Mashine ile haikuwa imekufa. Ilikuwa na ukoko tu, na ukoko wa chokaa dawa yake ni asidi. Asidi inayofaa zaidi ni ile ya sitriki, yaani iliyomo ndani ya ndimu, nayo huuzwa ikiwa unga mweupe kwa watu wanaotengeneza vinywaji na jamu. Tulitia gramu 100 ndani ya pipa tupu, bila nguo hata leso moja, tukaifungulia mzunguko mrefu wa moto wa digrii 60. Maji yaliyotoka yalikuwa kama ya chokaa ya kupakia ukuta. Tukarudia siku ya pili, kisha tukaiendesha mara moja kwa maji matupu ili kusuuza. Mashine hiyo yafua hadi leo, na yule fundi nasikia bado anaiulizia.

Wengi watauliza: ndimu tunazo shambani, ya nini kununua unga? Jawabu ni hesabu. Ndimu moja hutoa maji kiasi cha vijiko viwili vya mezani, na katika lita moja ya maji ya ndimu mna asidi isiyofika gramu 50. Kwa hiyo kuipata gramu 100 yahitaji ndimu 70 hivi. Ndimu hizo ni bora ziende kwenye achari. Ndimu itumike kwa madoa madogo, kama nitakavyoeleza.

Siki pia huondoa ukoko, na katika birika sioni ubaya wake. Lakini ndani ya mashine, ikitumiwa kila mara, hukausha mipira, na mpira wa mlango ukipasuka huuzwa kwa bei ya kilo nyingi za karafuu. Kwa hiyo nashauri unga wa sitriki, kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa maji ya matumbawe. Mwenye mashine isiyochemsha maji, kama zile za mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, ayapashe maji jikoni, yasifike kuchemka, ayamimine pamoja na unga huo, aiache izunguke dakika chache, kisha aisimamishe nusu saa kabla ya kuyatoa.

Hapa pana desturi moja ambayo lazima niikosoe. Kuna watu wanaochanganya siki na magadi, au siki na soda ya kuumulia maandazi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa povu na kelele, na mtu huona kana kwamba uchafu unapigwa vita. Vita ni vya siki na magadi wenyewe kwa wenyewe. Asidi na magadi vikikutana huuana, na baada ya ile kelele hubaki maji yenye chumvi isiyotoa chokaa wala mafuta. Kila kimoja kina siku yake. Asidi ni ya chokaa na kutu. Magadi ni ya mafuta, jasho na utandu wa sabuni.

Na kwa kuwa nimeyataja magadi, nayo tuyape haki yake. Haya ni madini yanayotoka katika maziwa ya bondeni, kama Ziwa Magadi la Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Igogo huuzwa sokoni kwa mafungu kama sisi tunavyouza bizari. Watu hulainishia maharage, lakini pia hutiwa kwenye maji ya kufulia. Katika maji magumu hufanya kazi njema: huikamata chokaa kabla haijaikamata sabuni. Magadi yayeyushwe kwanza katika maji ya moto na kuchujwa, kwa maana yana mchanga. Lakini yasitiwe kamwe katika sufuria au beseni ya alumini, kwa kuwa huila na kuitia weusi. Wenye mashine za kufungukia mbele nao wayatumie kwa uchache, maana nyuma ya pipa mna mikono mitatu iliyolishika, na mara nyingi mikono hiyo ni ya alumini.

Sasa nifike kwenye doa ambalo ni letu sisi, na ambalo mtu wa Igogo hana habari nalo: doa la karafuu.

Mnajua wenyewe jinsi vidole vya wachambuaji vinavyokuwa mwisho wa siku. Karafuu ina mafuta, na pia ina tanini nyingi, ile dawa ya ukakasi iliyomo ndani ya chai na katika magome ya mikoko. Nguo za wachumaji zikitupwa ndani ya mashine kama zilivyo, tanini huingia majini. Ikiwa ndani ya mashine mna kutu, au maji yametoka katika pipa la chuma lililoanza kula kutu, au mfukoni mna msumari, basi tanini na chuma hukutana na kufanya rangi nyeusi isiyotoka kwa sabuni. Aliyesoma vitabu vya zamani vya mkono ameiona rangi hiyo. Wino mwingi wa Ulaya na wa nchi za Kiarabu ulifanywa hivyohivyo, kwa tanini ya vinundu vya mti na chumvi ya chuma, na maandishi yake yangali yasomeka baada ya mamia ya miaka. Kwa hiyo mwanachama anayelalamika kuwa mashine yake imepata mabaka meusi yasiyotoka asione ajabu. Mashine yake imetengeneza wino.

Kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni kulikimbilia doa hilo kwa sabuni ya mche na magadi. Vitu hivyo hulizidisha weusi. Njia ni kutanguliza asidi. Kwa beseni na kwa mpira wa mlango wa mashine, kata ndimu, tia chumvi kidogo, sugua taratibu, acha robo saa, suuza. Palipo na mbirimbi, mbirimbi hushinda ndimu, kwa kuwa zina asidi ya oksali, ambayo ni hodari zaidi kwa kutu. Bibi zetu walisugulia shaba na visu kwa mbirimbi bila kujua jina la asidi hiyo. Zipondwe, zipakwe juu ya doa, ziachwe nusu saa, na mwenye vidonda mikononi avae glavu. Weusi ukishaondoka, ndipo sabuni ifuate. Kwa pipa la ndani, unga wa sitriki uleule niliousema huondoa chokaa na kutu pamoja.

Mafuta ya karafuu nayo yana tabia yake. Hulainisha baadhi ya plastiki, hasa zile ngumu zinazong'aa na kuvunjika kwa urahisi, zikapata ukungu na nyufa nyembamba. Hilo si doa, na hakuna dawa itakayolirudisha. Waliofanya kazi katika kiwanda cha makonyo huko Wawi wanajua mafuta hayo yanavyoweza kushika nguo. Nguo iliyomwagikiwa mafuta ya karafuu iloweshwe kwanza nje, ndani ya ndoo, kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, isiingizwe mashinani mbichi. Na kabla ya kutia nguo yoyote ya shamba, mifuko igeuzwe nje. Chujio la pampu la mashine moja niliyofungua mwezi uliopita lilikuwa na makonyo na punje za karafuu ujazo wa kikombe cha kahawa. Karafuu hizo hazikuwa za daraja la kwanza tena.

Sasa habari ya jiki, na hapa naomba kila mwanachama awasomee watu wa nyumbani kwake kwa sauti.

Dawa ya kung'arisha yenye klorini ni njema kwa ukungu mweusi unaoota kwenye mpira wa mlango na kwenye kisanduku cha sabuni. Ichanganywe na maji mengi, ipakwe kwa kitambaa, iachwe dakika kumi, isuuzwe. Lakini haifai kwa kutu; hulifanya doa la kutu lishikamane zaidi. Haifai kulowekwa kwa muda mrefu katika pipa la chuma cha pua, kwani hulitoboa vitundu vidogo. Na kubwa kuliko yote, isikutane na asidi yoyote, iwe ndimu, siki, mbirimbi au unga wa sitriki. Vikikutana hutoa hewa ya klorini, hewa ileile iliyotumiwa na jeshi la Wajerumani pale Ypres mwezi wa Aprili 1915 kuwaua askari ndani ya mahandaki. Haihitaji nyingi ndani ya choo au chumba kidogo cha kufulia chenye dirisha moja. Isimiminwe pia juu ya nepi zilizojaa mkojo, maana hapo hutoka hewa nyengine yenye sumu; nepi zisuuzwe kwanza. Mtu akianza kukohoa na macho kumwasha, asibaki kusafisha. Atoke nje penye hewa, na akizidi kubanwa kifua apelekwe hospitali. Siku ya asidi iwe mbali na siku ya jiki, na baina yake mashine iendeshwe kwa maji matupu.

Nirudi Igogo, kwa habari ya pasi.

Karibu na nyumba niliyofikia yuko dobi mmoja mtu mzima, anayepiga pasi ya makaa chini ya kibanda kilichoegemea jabali. Umeme anao, lakini asema makaa hayakatiki katikati ya shati. Asubuhi moja nilimwendea na kanzu yangu. "Mwangaluka, Mzee," nilimsalimu kwa Kisukuma kidogo nilichofundishwa na jamaa zangu. Akacheka. "Mwangaluka. Wewe mtu wa pwani wewe, ulimi wako nausikia. Kaa hapo juu ya jiwe, kijana wangu, kiti hakuna."

Nikakaa, nikamtazama. Uso wa chini wa pasi yake ulikuwa unang'aa kama sahani, na nikamwuliza afanyaje, kwa sababu pasi nyingi za makaa ninazozijua zina mabaka ya kahawia ya kanji iliyoungua. Akaniambia kuwa doa la pasi hutolewa siku ileile lilipoingia. Alipoona ukoko wa kanji, aliiacha pasi ipate moto wa kadiri, akatandaza karatasi ya kaki, akanyunyiza chumvi ya mawe iliyopondwa, akaipitisha pasi juu yake mara kadhaa kama anayepiga pasi ile chumvi. Ukoko ukabaki kwenye karatasi. Kisha akapitisha kipande cha mshumaa kilichofungwa ndani ya kitambaa, akafuta kwa tambara safi. Wako pia wanaopitisha pasi juu ya jani bichi la mgomba, ambalo lina nta yake, na kazi huwa ileile. Baada ya hapo akaijaribu juu ya tambara jeupe kabla ya kugusa nguo ya mtu.

"Kisu je?" nilimwuliza.

"Kisu cha nyama, baba," alinijibu. "Ukiichora pasi, kila mchoro ni shimo la kanji ya kesho."

Jioni huimwaga majivu yote, hata yakiwa makavu, kwa kuwa majivu hunyonya unyevu wa usiku na asubuhi pasi huamka na kutu. Hupiga pasi penye upepo, wala hafungi mlango, mvua ikinyesha. Hilo la mwisho si la madoa lakini nalitia, maana moshi usioonekana wa makaa umewaua watu wengi waliolala karibu na jiko ndani ya chumba kilichofungwa.

Wenye pasi za umeme wasiige yote. Pasi iliyopakwa utando laini usioshika haitaki chumvi wala steelwool. Hiyo ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ikiwa ya vuguvugu na waya umeshachomolewa. Nailoni ikiyeyuka na kuganda juu ya pasi, itieni moto mdogo tu hadi ilainike, chomoeni waya, kisha ikwangueni kwa kijiti cha mti. Wako wanaosugua kidonge cha parasetamoli juu ya pasi ya moto. Ni kweli ukoko hutoka, lakini moshi wake si wa kuvuta, na kidonge kilinunuliwa kwa ajili ya homa. Pasi za mvuke nazo huziba vitundu kwa chokaa. Zitieni maji ya mvua yaliyochujwa, na taabu hiyo itapungua sana.

Juu ya mabeseni sina mengi. Doa la manjano na bizari halitaki nguvu. Mtu akilitia sabuni hugeuka jekundu, akaogopa, akazidi kusugua hadi plastiki ikachubuka. Liwekwe juani, beseni likiwa na unyevu, siku mbili tatu, na jua litalila lenyewe. Rangi ya kanga mpya hutoka kwa jiki iliyochanganywa na maji mengi. Utandu wa kijivu wa sabuni ni wa magadi ya moto, ikiwa beseni si la alumini.

Maji machafu ya kazi hizi yasimwagwe kisimani wala kijitoni. Watu wa ziwani wamepata funzo lao: sheria ya mazingira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 imezuia shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 za ufuko, na magugu maji yaliyolienea ziwa katika miaka ya 1990 yalinenepa kwa uchafu uliotoka nchi kavu, sabuni ikiwa miongoni mwake. Kwetu visima ni vya matumbawe, na matumbawe yana mianya. Kinachomwagwa juu leo hunywewa na jirani keshokutwa.

Kinga ya mashine ni nafuu kuliko dawa. Mlango uachwe wazi baada ya kufua, mpira ufutwe kwa kitambaa kikavu, kisanduku cha sabuni kichomolewe na kuoshwa, na chujio lifunguliwe kila mwezi, waya wa umeme ukiwa umechomolewa. Mwenye maji magumu atumie sabuni ya unga, asikwangue ya mche ndani ya mashine. Na mwenye paa la bati aweke mfereji na tangi, kwa sababu mvua ya masika inayotuangukia bure ni laini kama lile ziwa la Mwanza.

Unga wa sitriki ukinunuliwa kwa kilo huwa rahisi kuliko kwa pakiti ndogo za dukani. Matawi yanayotaka tununue pamoja yaandikishe majina na kiasi kwa makatibu wao kabla ya mkutano ujao, na kila mwanachama aje na chombo chake kikavu chenye kifuniko, kisichokuwa cha bati.